Timu ikifungwa, tumfukuze kocha?

Zamu za usiku zilinibana kidogo, ila leo nipo.

Sisi tuliokulia kwenye ushabiki wa Simba na Yanga dawa ya timu kufungwa tunaijua: kocha aondoke. Huku Marekani nako ni hivyo hivyo, hata kwenye michezo ya vyuo. Mimi mpenzi wa mpira wa wavu tangu sekondari, kwa hiyo leo nataka tuangalie historia ya wavu wa wanawake vyuoni inasema nini kuhusu dawa hiyo. Inaponya kweli?

Mchezo wenyewe ulizaliwa huku. William Morgan aliubuni mwaka 1895 katika mji wa Holyoke, Massachusetts. Lakini wasichana wa vyuo walipata nafasi ya maana baada ya sheria ya 1972, maarufu kama Title IX, iliyokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Mwaka 1981 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kikaanzisha ubingwa wa wavu kwa wanawake. Miaka saba ya mwanzo kombe halikutoka California na Hawaii. Texas ndio waliovunja mwiko huo mwaka 1988.

Sasa njoo huku kwetu Penn State. Kocha Russ Rose alianza kazi mwaka 1979. Fainali yake ya kwanza ya NCAA ilikuwa 1993, akafungwa na Long Beach State. Akarudi 1997, akafungwa na Stanford. Akarudi 1998, akafungwa tena na Long Beach State. Fainali tatu, kombe hakuna, na mzee ana miaka karibu ishirini kazini. Hebu fikiria angekuwa kocha wa timu ya kwetu!

Chuo hakikumtimua. Mwaka 1999, msimu wake wa 21, akaifunga Stanford na kuchukua ubingwa. Kisha akachukua minne mfululizo, 2007 hadi 2010, na katikati ya miaka hiyo timu ikashinda mechi 109 bila kupoteza hata moja. Akaongeza 2013 na 2014. Alipostaafu mwaka 2021 alikuwa na makombe saba.

Mtu atasema, Rose hakuwa akifungwa ovyo. Ni kweli, na hoja yangu ipo hapo hapo. Kombe lilikuwa bado, lakini timu ilikuwa inapanda, na wakubwa wake walitazama inakoelekea.

USC ya Los Angeles walienda njia nyingine. Mick Haley, aliyeiongoza timu ya taifa ya wanawake ya Marekani hadi nafasi ya nne Olimpiki ya Sydney 2000, aliwapa ubingwa wa 2002 na 2003. Baada ya msimu wa 2017 akaondolewa, ingawa timu ilifika nane bora. Unaweza kusema miaka 14 bila kombe ni mingi, sawa. Lakini aliyemrithi alikaa misimu miwili tu akahama, ikabidi watafute mwingine. Na tangu 2003 USC haijabeba kombe hilo tena.

Je, kubadilisha kocha ni kosa siku zote? Hapana. Rose alipostaafu, Penn State walimpa kazi Katie Schumacher-Cawley, aliyekuwa mchezaji kwenye kikosi kile cha 1999. Msimu wake wa tatu, 2024, alikuwa anatibiwa saratani ya matiti, hatua ya pili. Sisi manesi tunajua dawa zile zinavyomchosha mtu. Lakini mama yule alibaki na timu. Nusu fainali walikuwa nyuma seti mbili kwa bila dhidi ya Nebraska, wakageuza wakashinda 3-2. Fainali wakaifunga Louisville 3-1, tena katika mji wa Louisville wenyewe. Akawa kocha mkuu wa kwanza mwanamke kutwaa ubingwa huo wa NCAA.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya dada mmoja Mkenya ninayefanya naye kazi wodini. Binti yake anacheza wavu kwenye chuo kidogo. Timu inafungwa msimu wa tatu sasa, na wazazi wanapitisha barua ya sahihi kocha aondolewe. Yeye anaogopa. Kwenye vyuo vidogo ufadhili hugawanywa vipande vipande, na mara nyingi huandikwa upya kila mwaka. Kocha mpya huja na wachezaji wake. Kombe halipo, na ada ya mtoto ikikatika je?

Mchezaji hukaa chuoni miaka minne. Misimu ya mwanzo kocha anacheza na watoto walioletwa na mwenzake. Ukimhukumu kabla ya aliowachagua mwenyewe kufika mwaka wa mwisho, unamhukumu kwa mboga ya jirani. Na tangu sheria ya uhamisho ilegezwe mwaka 2021, kocha akiondoka wachezaji nao ni rahisi kumfuata au kutawanyika, mkaanza moja.

Wodini mgonjwa akichelewa kupona, ndugu hutaka daktari abadilishwe. Sisi tunafungua chati kwanza: homa inashuka au inapanda? Dawa zilikuwepo? Kwa timu hiyo nami ningeuliza: seti zinapotea kwa pointi chache kuliko mwaka jana? Mabinti wanabaki, wanafaulu masomo? Kocha ana msaidizi, au anafanya kazi ya watu watatu? Kama timu inapanda na vifaa ndio hakuna, basi barua ile iandikwe kwa mkurugenzi wa michezo, idai msaidizi na fedha.

Ila kama kocha anawatukana watoto, au anamchezesha msichana aliyeumia goti, hapo hakuna cha kusubiri miaka minne. Aondoke leo, hata kama anashinda.

Huo ndio msimamo wangu.