Rivolva, Gobore na Upinde: Silaha Kongwe Katika Nchi ya Mbulu

Mwezi Aprili 1916 Vita Kuu ya Kwanza ilipita katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Manyara. Jenerali Jaap van Deventer alitoka Arusha na wapanda farasi wa Afrika Kusini, akapigana Lolkisale, akapita Ufiome chini ya mlima Kwaraa, na tarehe 19 akaitwaa Kondoa Irangi. Masika yalikuwa yamekolea. Njia ziligeuka tope na farasi walikufa kwa mamia. Magharibi ya njia hiyo, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, yalikuwa mashamba na tembe za Wairaqw, Tlawi ikiwa mojawapo ya sehemu zao.

Majeshi yaliyokutana katika vita hivyo yalikuwa na mawazo mawili tofauti kuhusu silaha ya kiunoni. Jeshi la Ujerumani lilikuwa limeikubali Luger tangu 1908: bastola inayojipakia yenyewe, yenye risasi nane ndani ya magazini iliyofichwa kwenye mpini. Jeshi la Uingereza na wenzake wa himaya walibaki na Webley, rivolva nzito ya zaidi ya kilo moja, yenye silinda ya matundu sita. Kwa hesabu ya karatasini Luger ilishinda. Hata hivyo, mwaka 1915, vita ikiwa imekwishaanza, Waingereza waliidhinisha toleo jipya la Webley, Mark VI, badala ya kuiacha.

Bastola ya magazini ni mnyororo wa kazi. Risasi inalipuka, nguvu ya mlipuko inarudisha nyuma sehemu ya juu, ganda linatupwa nje, springi inasukuma risasi nyingine juu, nayo inaingia chumbani. Kila hatua inategemea iliyotangulia. Risasi moja ikiwa mbovu, au mchanga ukiingia pale chuma kinapokaribiana na chuma, mnyororo unakatika, na mwenye bastola anapaswa kutumia mikono miwili kuufungua. Rivolva haitegemei nguvu ya risasi iliyopita. Kidole ndicho kinachozungusha silinda. Risasi ikigoma, unavuta tena na tundu linalofuata linakuja mbele ya nyundo. Webley ilikuwa na jambo moja zaidi lililopendwa na waliobeba: ukibonyeza kitasa mtutu unakunjika mbele, na maganda yote sita yanaruka nje kwa pamoja. Ukiitazama namna hiyo hakuna kinachobaki siri. Unaona ina risasi ngapi, na unaona kama ni safi.

Naamini hapo ndipo ulipo mvuto wa rivolva uliodumu karibu miaka mia mbili tangu Samuel Colt apate hataza yake ya Marekani mwaka 1836. Idadi ya risasi haikuwahi kuwa upande wake. Browning ya 1935 ilibeba 13, zaidi ya mara mbili ya rivolva ya kawaida, na Waingereza wenyewe waliipokea mwaka 1954. Bado polisi wa New York walisubiri hadi 1993 ndipo wakaanza kuhamia bastola za magazini. Mtu anayejua kwamba huenda atafyatua mara moja tu maishani anataka uhakika wa hiyo mara moja.

Lakini mtu wa Tlawi wa mwaka 1916 hakuwa na nafasi ya kuchagua kati ya Luger na Webley. Hapa historia ya silaha kongwe inachukua sura nyingine, na ndiyo inayonigusa zaidi. Afisa wa Kizungu alishika silaha ya zamani kwa sababu aliiamini. Mwafrika alishika ya zamani zaidi kwa sababu ya sheria.

Katika miaka ya 1880 bunduki ziliingia bara kupitia Unguja kwa wingi wa kutisha. Makadirio ya konsuli wa Uingereza mwaka 1888 yalifikia kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Nyingi zilikuwa magobore, lakini bunduki bora za kupakiwa kwa nyuma zilianza kuchanganyika nazo. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 uliandikwa kwa jina la kuzima biashara ya watumwa, na kwa hakika bunduki ziliitumikia biashara hiyo. Mkataba huo ulikataza silaha zilizoboreshwa katika eneo lote la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini. Ukaacha mlango mdogo wazi kwa bunduki za gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Tangu hapo gobore likawa silaha iliyotengewa Mwafrika. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa chifu Mkwawa waliliangamiza jeshi la Kijerumani la Emil von Zelewski pale Lugalo, wengi wao wakiwa na mikuki. Mwaka 1905 wapiganaji wa Maji Maji walilikabili boma la Mahenge kwa mikuki na magobore, mbele ya bombomu, yaani bunduki za rashasha.

Hata askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani walionja ubaguzi huo wa zana. Vita ilipoanza 1914, kombania nyingi zilikuwa bado na Mauser ya 1871, ya risasi moja moja na baruti yenye moshi. Kila aliyefyatua alijitangaza alipo. Ushindi wa Tanga wa Novemba mwaka huo uliwapa mamia ya bunduki za kisasa za adui, na meli iliyofika ghuba ya Mansa mwaka 1915 ikaongeza nyingine.

Gobore liliendelea kuishi hata baada ya wakoloni kuondoka, na sasa halikulindwa na mkataba wowote. Lililindwa na fundi. Mtutu ulitoka kwenye bomba la maji, kitako kwenye mti wa karibu, na baruti ilichanganywa kijijini. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unaishindilia kwa ufito, unaweka goroli au vipande vya chuma, kisha fataki. Likiharibika, aliyelitengeneza yupo ng'ambo ya kilima. Bunduki ya kiwandani ikivunjika springi huko porini inakuwa rungu la bei ghali.

Kanuni hiyo hiyo inaonekana Yaeda Chini, ndani ya wilaya ya Mbulu, na kwa uzuri kuliko popote ninapopajua. Wahadzabe wanaendelea kuwinda kwa upinde. Mishale ya ndege ina ncha ya mti mtupu. Ya wanyama wakubwa ina chuma kilichopakwa sumu ya mimea. Chuma hicho hufuliwa na wahunzi wa Kidatoga, aghalabu kutoka kwenye misumari, nao hulipwa asali, nyama au ngozi. Hao hao hufua mikuki ya wafugaji hadi chini ya mlima Hanang. Upinde hautoi mlio wa kufukuza kundi zima, na mshale uliokosa huokotwa ukatumika tena. Hakuna sehemu yake inayosubiri meli.

Rivolva yenyewe ina kurasa zake katika historia yetu, na zipo za uchungu. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau nchini Kenya, alipokamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, miongoni mwa mashtaka yake lilikuwa la kupatikana na rivolva ya .38 na risasi zake. Chini ya sheria za hali ya hatari hilo pekee lilitosha kwa kifo, na alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Walowezi wa Kenya walitembea na bastola viunoni hadi hotelini na kanisani. Kifaa kile kile kilikuwa kinga ya mmoja na kamba ya mwingine.

Leo Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na gobore halina msamaha wake humo: lisiloandikishwa ni haramu kama bastola. Serikali imetoa vipindi vya kusalimisha kwa hiari, kikiwemo cha Septemba na Oktoba 2023, na silaha zilizokusanywa huteketezwa. Naunga mkono jambo hilo bila kusita, kwa kuwa magobore hayo yameua tembo na yameua watu. Ninachoomba ni kwamba kabla ya moto kuwashwa, machache yatolewe kutoka kila wilaya, yazibwe mitutu yasifyatuke tena, na yapelekwe makumbusho pamoja na maelezo ya wahunzi walioyatengeneza na mahali walipopata chuma. Mbulu na Hanang zina wazee ambao bado wanaweza kuyaeleza hayo.