Ufunguo wa Kanisa

Somo letu latoka 2 Samweli 21, habari za Rispa binti Aya. Wanawe waliuawa, naye akatandika nguo ya gunia juu ya mwamba, akawalinda usiku na mchana. Hakuwa na silaha. Alikaa tu. Habari zake zikamfikia Mfalme Daudi, na mifupa yao ikazikwa kwa heshima.

Kisa cha namna hiyo kimetokea karibu nasi. Msafiri atokaye Kajiado, akapita Kitengela mpaka Nairobi, ataliona kando ya Uhuru Park Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, jengo la mawe lenye minara miwili. Tarehe 28 Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, walimwendea Mwanasheria Mkuu wa Serikali wakiomba wafungwa 52 waachiliwe. Kisha wakaketi katika bustani ile, wakakataa kula, wakangoja.

Tarehe 3 Machi polisi waliwajia kwa rungu na mabomu ya machozi. Wangari Maathai alipigwa hata akazimia. Baadhi ya akina mama wazee wakavua nguo zao, jambo ambalo kwa mila zetu ni laana nzito. Wakarudishwa makwao kwa nguvu.

Lakini walirudi Nairobi, wakaenda kanisani. Provosti Peter Njenga akawapokea. Wakakaa katika chumba cha chini ya kanisa karibu mwaka mzima. Mapema 1993, wafungwa 51 kati ya wale 52 walikuwa wameachiliwa.

Watu wa Ufilipino walipomwondoa Rais Ferdinand Marcos kwa amani mwaka 1986, walijenga kanisa la ukumbusho mjini Quezon City, kando ya barabara ya EDSA walikosimama. Kwetu, pale walipoketi akina mama paliitwa Freedom Corner. Na ukumbusho wa pili ni ule mlango uliofunguliwa. Mlango huo una gharama. Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia ndani ya kanisa lile lile, wakawapiga watu waliokuwamo.

Wapendwa, mwaka 2024 vijana wetu walijaa barabarani hapa Kitengela wakipinga Mswada wa Fedha. Mama zao walikesha wakiwangoja. Je, sisi tulifanya nini? Tukiri mbele za Mungu: wako kati yetu tuliofunga lango mapema, tukasema twalinda mali ya kanisa. Mali yenyewe ni viti na vipaza sauti. Aliyekuwa nje ni mtoto tuliyembatiza.

Basi tusingoje siku ya shida. Jumapili hii, wazee wa kanisa na wakae pamoja waulizane: ufunguo uko kwa nani usiku? Maji yako wapi? Mama akibisha, nani ataamka? Hatuna uwezo wa kujenga minara miwili, lakini kila kanisa la mabati kati ya Kitengela na Kajiado lina mlango.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyemwona Rispa juu ya mwamba, utuondolee woga, utupe masikio ya kusikia anayebisha. Amina.