Uchungu wa Uzazi na Umbali: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Mawengi, Ludewa
Je, kuanza kwa uchungu wa uzazi ni dharura? Baada ya mkutano wa uzazi salama wa Nairobi mwaka 1987, kliniki ziliendelea kuwatenga wajawazito wa hatari kwa umri, kimo na idadi ya uzazi. Hata hivyo, wengi waliopata matatizo hawakuwa miongoni mwao. Mwaka 1994 Thaddeus na Maine walibainisha ucheleweshaji wa aina tatu: kuamua, kufika na kuhudumiwa. Uchungu wenyewe si dharura. Lakini mama akivuja damu nyingi baada ya kujifungua, anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Kwa hiyo, katika milima ya Mawengi, nyumba ya kusubiria uzazi hutangulia gari la wagonjwa: huuondoa umbali kabla uchungu haujaanza.