Kovu Lililosimama na Kovu Lililolala

Nesi alikuwa na kadi ya kliniki ya mdogo wangu mkononi, kalamu tayari. Mimba ya pili, wiki ya 20. Ya kwanza ilikuwa ya operesheni.

“Ulipasuliwaje, mama?” akauliza.

Mdogo wangu akainua blauzi kidogo, akaonyesha mstari ulioshuka kutoka chini ya kitovu. Nesi akatikisa kichwa.

“Hilo ni la ngozi. Limesimama, nimeliona. Mimi nauliza la ndani. Limesimama au limelala?”

Hakujua. Nami niliyemsindikiza sikujua. Karatasi aliyopewa siku aliporuhusiwa katika hospitali ile ya kwanza ilisema tu kwamba amejifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike, mama na mtoto wanaendelea vizuri. Nyumbani, hata hivyo, jibu lilikuwa limeshatolewa. Shangazi zetu walikwisha kusema: ukipita kwenye kisu mara moja, utapita kwenye kisu kila mara.

Hukumu hiyo ya mashangazi ina umri wa zaidi ya miaka 100, na chimbuko lake ni New York. Swali la nesi nalo lina historia yake, na ndani ya historia hiyo mna mengi ambayo kila mama aliyeshonwa anastahili kuyajua.

Kabla swali halijazaliwa

Kwa karne nyingi hakuna aliyeuliza mama aliyepasuliwa atamzaaje mtoto wa pili, kwa sababu mama mwenyewe hakuwa akipona. Katika hospitali za Ulaya za karne ya 19 wengi wa waliopasuliwa walikufa kwa kutokwa damu au kwa maambukizi. Madaktari walishona tumbo, lakini mfuko wa uzazi waliuacha wazi, wakiamini kwamba misuli yake itajifunga yenyewe.

Mwaka 1876, huko Pavia, Italia, daktari Eduardo Porro alijaribu njia nyingine: baada ya kumtoa mtoto, aliukata mfuko wa uzazi na kuuondoa. Mama akapona. Lakini uzazi wake ukaishia hapo.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1879, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia upasuaji wa kumtoa mtoto karibu na kwetu, mahali paitwapo Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo. Aliyoyaona aliyachapisha Edinburgh mwaka 1884. Mwanamke mwenye umri wa takriban miaka 20, mimba ya kwanza, alilazwa kwenye kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwani, akanyweshwa pombe ya ndizi mpaka ikamlevya. Mganga akanawa mikono kwa pombe hiyo hiyo, akalisafisha nayo tumbo, kisha akalichana kwa mkato mmoja kutoka chini kuelekea kitovuni. Msaidizi alichoma sehemu zilizovuja damu kwa chuma cha moto. Mtoto akatolewa, kondo la nyuma likatolewa. Ngozi ya tumbo ilifungwa kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyozungushiwa uzi, juu yake ikapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa, likawekwa jani la mgomba lililopashwa moto, na vyote vikafungwa kwa nguo ya magome. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limefunga.

Huu haukuwa ubahatishaji. Mkono ule ulikuwa umezoea kazi, na mama yule alipona wakati ambapo wengi wa waliopasuliwa Ulaya walikufa. Lakini hata Kahura, mfuko wa uzazi wenyewe haukushonwa.

Aliyeubadilisha mwendo ni Max Sänger wa Leipzig, Ujerumani. Mwaka 1882 alitetea kwa hoja nzito kwamba mfuko wa uzazi lazima ushonwe, tabaka kwa tabaka, na akaonyesha kwamba nyuzi za fedha na hariri zinaweza kukaa ndani bila kumdhuru mama. Akina mama wakaanza kupona huku uzazi wao ukiwa salama. Wakarudi nyumbani, wakashika mimba tena. Swali la mtoto wa pili lilizaliwa hapo, kwenye ncha ya sindano ya Sänger.

Sentensi ya 1916

Edwin Cragin alikuwa profesa wa ukunga katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka 1916 aliwaambia madaktari wenzake sentensi ambayo ingeishi kuliko yeye: mwanamke akipasuliwa mara moja, atapasuliwa daima.

Ili kumtendea haki, tukumbuke alikuwa akizungumzia nini. Katika enzi yake upasuaji ulifanywa kwa mkato uliosimama, tena sehemu ya juu ya mfuko wa uzazi, penye misuli minene. Hiyo ndiyo misuli inayojikaza uchungu unapokuja. Kovu lililokaa hapo huvutwa huku na huku kila uchungu unapopanda, na linaweza kuchanika. Isitoshe, wanawake wengi wa miji yenye moshi na lishe duni walikuwa wameugua matege utotoni, nyonga zao zikabaki nyembamba na zilizopinda. Nyonga iliyomzuia mtoto wa kwanza ingemzuia na wa pili.

Muhimu zaidi, Cragin alikuwa anawaonya madaktari. Alikuwa akiwaambia: msikimbilie kisu kwa mama wa kwanza, kwa maana mnamfunga kwa mimba zake zote zijazo. Tena mwenyewe alikiri kwamba kanuni yake haikosi vighairi, akamtaja mgonjwa wake aliyejifungua kwa njia ya kawaida mara tatu baada ya kupasuliwa. Sehemu hiyo ikasahaulika. Onyo kwa daktari likageuzwa hukumu kwa mama, likavuka bahari, likafika hata kwenye vikao vya mashangazi.

Kovu linalolala

Wakati sentensi hiyo inasambaa, sababu yake ilikuwa inaanza kuondoka. Glasgow, Uskoti, ulikuwa mji wa makaa ya mawe na matege. Katika miaka ya 1920 daktari John Martin Munro Kerr alihimiza mkato mwingine: ushuke sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, na ulazwe, kutoka upande hadi upande. Sehemu hiyo ni nyembamba, ina misuli michache, na haijikazi kwa nguvu kama ya juu. Mkato wake hutoa damu kidogo na hufunga vizuri zaidi.

Madaktari walichelewa kukubali, lakini hatimaye mkato huo ukawa wa kawaida dunia nzima. Tofauti yake leo inahesabika. Kovu lililosimama sehemu ya juu linakadiriwa kuchanika kwa akina mama 4 hadi 9 katika kila 100 wanaoingia kwenye uchungu. Kovu lililolala chini huchanika kwa takriban mama 1 katika kila 200. Na katika wenye kovu hilo wanaojaribu njia ya kawaida wakiwa chini ya uangalizi, takriban watatu kati ya wanne hufanikiwa. Aliyewahi kujifungua kwa njia ya kawaida, hata mara moja, nafasi yake ni kubwa zaidi.

Ndiyo maana nesi hakutosheka na kovu la ngozi. Daktari anaweza kuichana ngozi kwa kusimamisha, ili afike haraka, kisha akaulaza mkato wa ndani. Jicho haliwezi kulijua la ndani kwa kulitazama la nje.

Mistari miwili ya Harare

Kuruhusu uchungu uanze ni jambo moja. Kujua lini usitishwe ni jingine. Hapa mchango mkubwa ulitoka Afrika. Mwaka 1972 Hugh Philpott na William Castle, wakifanya kazi katika mji unaoitwa leo Harare, walichapisha mchoro wa kufuatilia uchungu, ambao wakunga wetu wanauita patografu. Walikuwa wakiwafikiria wakunga wa zahanati za mbali. Mchoro una mistari miwili iliyopishana kwa saa nne: wa kwanza wa tahadhari, unaomwambia mkunga ampeleke mama hospitali; wa pili wa kuchukua hatua. Kwa hesabu yao njia ya uzazi ilitarajiwa kufunguka kwa sentimita moja kila saa, na ikichelewa mkunga aliona kwa macho kwenye karatasi kabla mama hajachoka.

Kwa mama mwenye kovu, karatasi hiyo ni mlinzi. Uchungu unaokwama, maumivu yasiyoachia hata tumbo linapolegea, damu, mapigo ya moyo ya mtoto yanayoshuka, au uchungu unaokatika ghafla: hizo ni ishara kwamba kovu linaweza kuwa linaachia, na dakika zinaanza kuhesabika.

Pendulo la Marekani

Marekani ndiko sentensi ya Cragin ilikoshika mizizi zaidi, na ndiko ilikopigwa vita kwa sauti kubwa. Mwaka 1970 takriban mama 5 kati ya 100 walijifungua kwa upasuaji. Mwaka 1988 walikuwa karibu 25, wengi kwa sababu tu walikuwa wamepasuliwa awali. Tayari mwaka 1980 jopo la wataalamu lililoitishwa na taasisi za afya za taifa lilisema kwamba mwenye kovu lililolala anaweza kuruhusiwa kujaribu. Akina mama wenyewe wakajipanga. Nancy Wainer Cohen na Lois Estner walitoa kitabu chao *Silent Knife* mwaka 1983, na wanawake wengi wakakisoma kama barua iliyoandikwa kwao.

Kufikia mwaka 1996, mama 28 kati ya 100 waliowahi kupasuliwa walijifungua kwa njia ya kawaida. Kisha hofu ikarudi. Baadhi ya hospitali na kampuni za bima zilikuwa zimewasukuma hata wasiofaa, na wengine waliongezewa uchungu kwa dawa kali. Mwaka 1999 chama cha madaktari wa uzazi kiliagiza timu ya upasuaji iwepo papo hapo muda wote, sharti lililozishinda hospitali ndogo. Mwaka 2001 utafiti wa jimbo la Washington ulionyesha kwamba uchungu ukianza wenyewe, mfuko wa uzazi ulichanika kwa mama 5 katika kila 1,000; lakini ukianzishwa kwa dawa za prostaglandini, ulichanika kwa takriban 25. Badala ya kuziacha dawa hizo, hospitali nyingi zilifunga mlango wote. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndani ya miaka michache waliojifungua kwa njia ya kawaida walishuka chini ya 10 katika 100, mpaka mwaka 2010 masharti yalipoanza kulegezwa.

Palikuwa na dhuluma nyingine iliyojificha ndani ya hesabu. Tangu mwaka 2007 madaktari wengi wa Marekani walitumia kikokotoo cha kukadiria nafasi ya mama kufanikiwa. Kiliuliza umri, uzito, na rangi. Mama mweusi, kama walivyo dada zetu wanaoishi huko, alipunguziwa nafasi kwa kuwa mweusi tu, na asilimia ndogo ikawa sababu ya kumkatisha tamaa. Mwaka 2021 kikatolewa kikokotoo kipya kisichouliza rangi.

Kwetu

Huku kwetu kuna akina mama wanaokufa kwa kukosa upasuaji, na wengine wanaopasuliwa pasipo lazima. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, inayopokea wagonjwa wa rufaa, waliojifungua kwa upasuaji walipanda kutoka asilimia 19 mwaka 2000 hadi 49 mwaka 2011. Kila kovu la kwanza linaongeza foleni ya la pili.

Na uzazi wetu hauishii kwa wa pili. Takwimu za mwaka 2022 zinaonyesha mwanamke wa Tanzania anazaa kwa wastani watoto 4.8. Kisu kinachorudiwa kina gharama zake. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006, uliofuatilia wanawake zaidi ya 30,000, uliwatazama wale ambao kondo lao la nyuma lilikuwa limemtangulia mtoto. Katika upasuaji wa kwanza, kondo lilikuwa limejishikiza ndani ya misuli kwa asilimia 3 yao. Wa pili, asilimia 11. Wa tatu, asilimia 40. Kondo la namna hiyo haling'oki bila damu nyingi, na mara nyingi huondoka pamoja na kizazi.

Lakini njia ya kawaida nayo si ya kujaribiwa popote. Mwenye kovu hazalii nyumbani, wala kwenye zahanati isiyo na chumba cha upasuaji. Hanywi mizizi ya kuharakisha uchungu, hata kama bibi anaiamini, kwa sababu kovu halijui kama nguvu iliyozidi imetoka kwenye sindano au kwenye kikombe. Hakimbilii mimba: watoto wakifuatana kwa chini ya miezi 18, hatari ya kovu kuchanika huongezeka. Na mwenye kovu lililosimama juu, kwake upasuaji uliopangwa ndio usalama. Hajashindwa lolote. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na aliyepasuliwa ni mzazi kamili.

Mdogo wangu alirudi hospitali ile ya kwanza. Alikaa kwenye benchi la masjala kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana, faili likitafutwa. Lilipopatikana, mtunza kumbukumbu alimnakilia mstari mmoja kwa mkono: mkato wa chini, wa kulala, sababu, mtoto alitanguliza makalio.

Mstari huo ulibadilisha mazungumzo. Daktari aliusoma mara mbili, akampima, akaona mtoto wa safari hii ametanguliza kichwa, akasema, “Tutajaribu, ila hapa hapa hospitali.” Alijifungua mtoto wa kiume alfajiri moja, kwa njia ya kawaida, hatua chache kutoka mlango wa chumba cha upasuaji uliokuwa umeachwa wazi kwa ajili yake.

Mashangazi walikuja na uji. Mmoja wao, aliyepasuliwa mara tatu, aliomba aione ile karatasi. Akaisoma polepole, akaikunja vizuri, akairudisha ndani ya kadi.

“Mimi,” akasema, “hakuna aliyewahi kuniandikia.”

Mama unayeshonwa leo, usitoke wodini bila mstari huo.