Waliovuka Jangwa kwa Kutoa Upepo

Oktoba 1939, meli iliyokuwa ikimleta Kenya ofisa wa jeshi la Uingereza, Ralph Bagnold, iligongana na nyingine katika Bahari ya Mediterania. Abiria wakashushwa Misri wasubiri usafiri mwingine. Bagnold hakufika Kenya. Jenerali Wavell, mkuu wa majeshi ya Uingereza Mashariki ya Kati, alipojua kwamba mtu huyu alikuwa amelizunguka jangwa la Libya kwa gari miaka mingi kabla ya vita, alimbakiza Cairo. Julai 1940 Bagnold akaunda kikosi cha doria za mbali jangwani, Long Range Desert Group, na askari wake wa kwanza wakatoka New Zealand. Kikosi hicho kiliwatokea Waitaliano waliokuwa Libya kutoka upande wa mchanga, ambako hakuna aliyetarajia gari lipite.

Sehemu kubwa ya ujanja huo ilikuwa kwenye matairi.

Tairi la upepo halikubuniwa kwa ajili ya mchanga. Mskoti Robert William Thomson alilipatia hataza mwaka 1845, likasahaulika, hadi daktari wa mifugo wa Belfast, John Boyd Dunlop, alipolibuni upya mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Magari yalipoanza, matairi yake yalikuwa membamba na yalijazwa yakawa magumu kama jiwe. Ford Model T ilitembea na upepo wa paundi 60 hivi. Kwenye barabara ngumu hilo halina neno. Kwenye mchanga, gurudumu la namna hiyo linakata na kuzama hadi gari likalie tumbo.

Wenye fedha walitafuta njia nyingine. Mwaka 1922 Citroën ilituma Sahara magari yenye mikanda ya mpira badala ya magurudumu ya nyuma, na Januari 1923 yakafika Timbuktu. Mwanamfalme Kemal el Din wa Misri naye aliyatumia kuchunguza Jangwa la Magharibi. Yalifika kweli, ila yalikuwa mazito, ya polepole na yenye kiu ya petroli.

Bagnold, aliyepangiwa kazi Misri mwaka 1926, hakuwa na fedha za mwanamfalme. Alikuwa na likizo, marafiki na Ford za kawaida. Bahati nzuri kwao, kuanzia 1923 viwanda vilikuwa vimeanza kuuza matairi manene ya upepo mdogo, yaliyokusudiwa kumpa abiria starehe mjini. Jangwani yalifaa kwa jambo jingine. Ukipunguza upepo tairi linabonyea, sehemu inayogusa ardhi inaongezeka, hasa kwa urefu, na uzito wa gari unatandazwa kama kwenye unyayo wa ngamia. Ukishusha upepo kutoka paundi 36 hadi 18, eneo hilo linakaribia kuongezeka maradufu. Pale walipokwama hata hivyo, walichimbua magurudumu na kutandika chini yake mabati mazito ya chuma, waliyoyaokota katika duka la vyuma chakavu Cairo. Yalikuwa yametengenezwa kuezekea mahandaki ya Vita ya Kwanza. Kwa vifaa hivyo, kuanzia 1929, waliingia na Ford Model A katika Bahari Kuu ya Mchanga, matuta ambayo wengi waliamini hayapitiki kwa gari.

Jeshi la Marekani likaja kumwondolea dereva kazi ya kushuka na kuinama. DUKW, lori la kuogelea lililoanza kutengenezwa 1942, lilimwezesha kuongeza na kupunguza upepo akiwa kwenye usukani, azikanyage fukwe laini kisha ashike barabara bila kusimama. Baada ya vita, Michelin ilileta tairi la radiali, lililopatiwa hataza 1946, ambalo nyuzi zake zimepita moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu. Ubavu wake ni laini, hivyo linavumilia kubonyea kuliko tairi la zamani la nyuzi za mshazari.

Huku kwetu adui mkubwa ni tope. Mbio za Safari, zilizoanza 1953, zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1968, mvua ilipozidi, magari 93 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Katika tope la udongo mweusi meno makubwa yana kazi: yanang'ata, na nafasi kati yake inatema matope. Yapeleke meno hayohayo kwenye mchanga mkavu uone yanavyojichimbia shimo. Ndiyo maana nashangaa mtu anayetoa fedha nyingi kununua tairi la meno ya kutisha, kisha analijaza upepo uleule wa lami na kwenda nalo ufukweni.

Upepo mdogo nao una bei yake. Ukikata kona kwa kasi tairi linaweza kuchomoka kwenye ringi, mawe makali hupasua ubavu uliovimba, na ukirudi lami bila kujaza, tairi hupata joto hadi kupasuka. Kwa hiyo anayetoka nje ya lami abebe kipimo na pampu, apime asubuhi tairi likiwa baridi, na akague mbavu, si meno peke yake. Na kabla ya kununua tairi, hasa la mtumba, tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho katika namba inayoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji akisema ni jipya, mwonyeshe hapo.