Vibonzo vya Korea na Ng'ombe wa Tarime

Wanafunzi wangu wengi, wa kike hasa, husoma vibonzo vya Korea katika simu zao. Kwanza zilikuja tamthilia, Jumong na nyinginezo zilizotazamwa sana mitaani kwetu. Sasa ni hadithi za picha, na zinazopendwa zaidi ni za mapenzi ya kale. Kuna binti wa hali ya chini, kuna mwana wa mfalme au wa bwana mkubwa, na kuna ukuta wa jumba la kifalme kati yao. Msomaji hujua tangu mwanzo kwamba mapenzi yataubomoa ukuta huo. Sina ugomvi na burudani ya mtu. Ninachotaka kukijadili ni kile ambacho hadithi hizi hukisitiri, na kwa nini nadhani kwamba binti aliyekulia Tarime au Serengeti ana uwezo wa kukiona upesi kuliko msomaji wa Seoul.

Enzi inayochorwa zaidi ni ya ufalme wa Joseon, ulioanza mwaka 1392. Juu walikuwapo yangban, mabwana wa elimu, ardhi na vyeo. Chini kabisa walikuwapo nobi, watumwa walionunuliwa, kuuzwa na kurithishwa. Vibonzo hutuonyesha mavazi ya matabaka hayo kwa ustadi mkubwa. Havituonyeshi mtambo uliokuwa ukiyazalisha upya kila kizazi, nao ulikuwa tumbo la mwanamke. Mwaka 1731 ilithibitishwa kanuni kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata kama baba yake ni yangban. Huku juu nako mwanamke hakuachwa huru. Kuanzia mwaka 1477 wana wa mjane aliyeolewa tena walifungiwa njia ya kupata vyeo vya serikali, kwa hiyo mjane wa ukoo mkubwa alilindwa na jamaa zake kama mali. Watumwa wa serikali waliachiwa huru mwaka 1801. Utumwa wenyewe ulifutwa mwaka 1894, na katika mageuzi ya mwaka huo huo mjane aliruhusiwa kuolewa tena. Mageuzi hayo mawili yalikwenda pamoja kwa sababu yaligusa jambo moja: nani anamiliki uzazi wa mwanamke.

Hadithi mashuhuri kuliko zote za aina hii ni ya Chunhyang, binti wa gisaeng, yaani mwanamke wa tabaka la chini aliyefunzwa muziki na mazungumzo ili awaburudishe mabwana. Anapendwa na kijana wa yangban, anateswa na mtawala anayemtaka kwa nguvu, mwisho anaokolewa. Tazama lakini anachokifanya ili astahili kuokolewa: anashika uaminifu wa mke wa yangban kabla hajahesabiwa kuwa mmoja wao. Anapanda yeye. Gisaeng wengine wanabaki palepale, na hakuna msomaji anayewauliza.

Huko Korea mtambo huo ulifichwa katika daftari za watumwa na kanuni za vyeo. Mkoani Mara umesimama wazi zizini, na kila mtu anaweza kuuhesabu. Kwa Wakurya, mahari ni ng'ombe, na ng'ombe wana safari yao: wanaingia kwa ndoa ya dada na kutoka kwa ndoa ya kaka. Kila mke ana nyumba yake ndani ya boma la mume, na ng'ombe walioletwa na mabinti wa nyumba ile ni wa nyumba ile. Ndiyo maana dada anayetaka kumwacha mume hupigiwa magoti na kaka yake: akirudi nyumbani, ng'ombe nao wanadaiwa kurudishwa, na kaka amekwisha kuwaolea.

Katika mpango huo mwanamke asiye na mtoto wa kiume yumo hatarini. Sababu haikuwa mila ya mdomo tu. Iliandikwa na dola. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliwapa wanaume nafasi ya kwanza katika urithi, na juu ya ardhi ya ukoo likamwachia mwanamke haki ya kuitumia akiwa hai bila kuweza kuiuza. Katika shauri la Holaria Pastory mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alitamka kwamba kizuizi cha kuuza ni ubaguzi unaopingana na Katiba. Shauri lile lilihusu ardhi ya Wahaya, na vijijini watu wengi hawakulisikia. Nyumba isiyo na mwana iliendelea kuwa nyumba ambayo shemeji wanaisubiri.

Jibu la Wakurya na baadhi ya jirani zao ni nyumba ntobhu. Mwanamke mwenye ng'ombe, mara nyingi mjane au mtu mzima asiye na mwana, hutoa mahari na kumwoa msichana. Msichana huzaa na mwanamume wa nje, na watoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe. Aliyewazaa kwa damu hana dai lolote kwao. Mwaka 2016 jarida la Marie Claire liliandika habari za ndoa hizi, na tangu hapo nimekutana na wasomaji wa nje, na wa kwetu pia, wanaozisifu kuwa ushindi wa wanawake. Wana hoja. Wanawake wenyewe husema kwamba ndani ya nyumba kama hiyo hakuna mume wa kuwapiga, na kwamba kazi za shamba hugawanywa kwa haki zaidi. Sipuuzi jambo hilo, hasa katika mkoa ambao kipigo cha mke kwa muda mrefu kimefanyiwa mzaha hata na watu wenye madaraka.

Ila tuulize swali ambalo vibonzo havitufundishi kuuliza: nani anaoa, na nani anaolewa? Anayeoa ana ng'ombe. Anayeolewa anatoka katika nyumba inayowahitaji. Mara nyingi ni binti wa maskini, au aliyekwisha kuzaa kabla ya ndoa na hivyo thamani yake machoni pa waoaji wa kiume imeshuka. Mwanamume ameondoka katika ndoa, mahari imebaki, na pamoja nayo imebaki ile haki ya mwenye mali kuhesabu uzazi wa mwenzake kuwa wa nyumba yake. Jinsia ya mwoaji imebadilika. Tabaka lake halikubadilika. Kama kanuni ya 1731 ilisema mtoto anafuata hali ya mama, huku mtoto anafuata ng'ombe. Katika hali zote mbili mama mzazi ndiye asiyeulizwa.

Binti huyo huyo ndiye anayekabiliwa na ukeketaji, ambao humtangaza kuwa tayari kuolewa. Kuukeketa mwili wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu mwaka 1998, na bado kila msimu unapofika, mwezi Desemba hasa, wasichana hukimbilia nyumba za hifadhi za Masanga, Tarime, na Mugumu, Serengeti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwa upande wake, iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, ilhali mvulana alitakiwa afikishe 18. Rebeca Gyumi alivipinga vifungu vya 13 na 17, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono ushindi huo mwaka 2019.

Lakini hukumu ile haimgusi mke wa nyumba ntobhu aliyekwisha kuwa mtu mzima. Kifungu cha 9 cha sheria hiyo kinasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Kifungu cha 160 kinawadhania kuwa wanandoa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi. Kifungu cha 114 kinagawa mali ya wanandoa wanapotengana. Yeye hayumo katika hata kimoja. Akifukuzwa baada ya miaka 20 ya kulima shamba la mwenye ng'ombe, mbele ya hakimu wa Mugumu hatakuwa mke wala mtalaka. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua mwaka 2011, katika shauri la Monica Jesang Katam, kwamba mwanamke aliyeolewa na mwanamke kwa mila ya Wanandi ni mrithi wa marehemu, pamoja na watoto wake. Watumishi wa ustawi wa jamii na wanasheria wa halmashauri zetu wangefanya vyema kuisoma hukumu hiyo, kwani Wakurya wanaishi pande zote mbili za mpaka, na ng'ombe wa mahari huvuka bila pasipoti.