Kutoka Madaftari ya Mengo hadi Kipokezi cha Homoni

Mwaka 1949, Dakta J. N. P. Davies, mwanapatholojia wa Makerere, Kampala, alichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza makala kuhusu kuvurugika kwa homoni za jinsia kwa Waafrika. Alikuwa ameona wanaume wenye matiti yaliyovimba na korodani zilizosinyaa, akaeleza kwamba ini lililoharibiwa na utapiamlo hushindwa kuzivunja homoni za kike, nazo hujaa mwilini. Hoja ya namna hiyo ilikuja kubebeshwa mzigo mkubwa mno: wataalamu wengine waliitumia kueleza kwa nini saratani ya tezi dume ilionekana nadra barani Afrika, kana kwamba mwili wa Mwafrika umejikinga wenyewe. Historia ya Kampala inaikanusha dhana hiyo. Inaonyesha pia kwamba umbali kati ya mgonjwa wa Kampala na dawa zinazoziba vipokezi vya homoni ya kiume hautokani na maumbile yake wala ugumu wa kemia. Umewekwa na maamuzi ya watu: nani ahesabiwe, nani apimwe, na dawa iuzwe kwa bei gani.

Ushahidi wa kwanza umo katika madaftari. Albert Cook, mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alitunza kumbukumbu za wagonjwa wake kwa uangalifu wa kipekee, na mwaka 1964 Davies na wenzake walichapisha uchambuzi wa saratani zilizoandikwa humo hadi 1956. Tayari mwaka 1951 Davies alikuwa ameanzisha Rejesta ya Saratani ya Kampala pale Makerere, mojawapo ya rejesta kongwe barani, inayofuatilia kaunti ya Kyadondo, yaani jiji na viunga vyake. Machafuko ya miaka ya 1970 na 1980 yaliidhoofisha, kisha ikafufuliwa. Profesa Henry Wabinga na wenzake walipopiga hesabu za 1991 hadi 2010, waliona saratani ya tezi dume ikiongezeka kwa takriban asilimia 5 kila mwaka. Yupo atakayesema kwamba waliongezeka waliopimwa, si waliougua. Huenda ni kweli kwa sehemu, ila pingamizi hilo linaitia nguvu hoja yangu: kama wagonjwa huongezeka kadiri wanavyotafutwa, basi walikuwepo tangu zamani, wakizikwa bila ugonjwa wao kupewa jina.

Tugeukie tiba. Huko Chicago, mwaka 1941, Charles Huggins alionyesha kwamba uvimbe wa tezi dume hulishwa na homoni ya kiume: mgonjwa akiondolewa korodani, au akipewa homoni ya kike, uvimbe husinyaa. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Tunapaswa kutua hapa kidogo, kwa sababu matiti yale ambayo Davies aliyaona kama dalili ya njaa ndiyo hayohayo yaliyowaota wagonjwa wa Ulaya na Marekani waliopewa homoni ya kike kama tiba. Wanakemia wakatafuta njia nyingine: homoni ibaki, mlango wake uzibwe. Ndani ya seli kuna kipokezi kilicho mfano wa kitasa, na homoni ndiyo ufunguo. Dawa ya kuziba huingia kwenye kitasa bila kukizungusha, ufunguo halisi ukakosa pa kuingia. Flutamaidi iliruhusiwa Marekani mwaka 1989, bikalutamaidi ikafuata mwaka 1995. Lakini saratani ni jeuri. Seli huongeza idadi ya vitasa, na wakati mwingine kitasa hubadilika umbo hata dawa yenyewe ikaanza kukifungua. Charles Sawyers na mkemia Michael Jung, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walianzia kwenye kemikali ya maabara za Roussel Uclaf ya Ufaransa iitwayo RU59063, wakatengeneza ndugu zake karibu 200 na kuwajaribu kwenye seli zenye vitasa kupita kiasi. Huko ndiko ilikotoka enzalutamaidi, iliyopata kibali cha Marekani Agosti 2012.

Wapo wanaouliza kwa busara: kwa nini tuhangaike, ilhali kuondoa korodani ni upasuaji wa mara moja na wa gharama nafuu? Upasuaji huo ni tiba halali, wala sitaki kuubeza. Hata hivyo tezi zilizo juu ya figo huendelea kutoa homoni, na uvimbe hujifunza kuishi na kidogo kilichobaki. Wengine husema dawa mpya huongeza miezi tu. Katika majaribio ya 2012 kwa wagonjwa waliokwisha kupata tibakemikali, nusu ya waliopewa enzalutamaidi waliishi zaidi ya miezi 18.4, dhidi ya 13.6 kwa wenzao. Ilipotolewa mapema zaidi, majaribio yaliyochapishwa 2019 yaliwakuta hai asilimia 80 baada ya miaka 3, dhidi ya asilimia 72 ya waliopewa viziba-kipokezi vya zamani. Dawa hizo za zamani nazo si za kudharauliwa: Shirika la Afya Duniani liliiweka bikalutamaidi katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015.

Inabaki bei. Utafiti wa enzalutamaidi uligharimiwa kwa sehemu na kodi za Wamarekani, lakini dawa ilipoingia sokoni huko iliuzwa zaidi ya dola 7,000 kwa mwezi. India ilikataa kuipa hataza mwaka 2016, na viwanda vyake vinaitengeneza kwa bei ya chini sana. Uganda, ikiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni zaidi, hailazimiki na sheria za Shirika la Biashara Duniani kutoa hataza za dawa, na Luzira ina kiwanda kilichokwisha kuthibitisha kwamba dawa za UKIMWI zinaweza kutengenezwa Kampala. Wizara ya Afya na Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago ziitumie nafasi hiyo kununua kwa wingi, na upimaji wa wanaume ufike hadi vituo vya afya vya chini. Msamaha huo wa hataza unakwisha tarehe 1 Januari 2033.